Pengo la Milimita Moja na Nusu

Katika miaka ya 1740 mwanahisabati wa Kiingereza, Benjamin Robins, alichukua mtutu wa bunduki akaupinda kidogo karibu na mdomo, ukatazama kushoto. Akasimamisha mbele yake viwambo vya karatasi nyembamba, kimoja nyuma ya kingine, akafyatua. Matundu ya karatasi yakasimulia safari nzima. Risasi ilitoka ikielekea kushoto, kama mtutu ulivyoiamuru, kisha ikiwa hewani ikaanza kukata kona, ikavuka mstari wa shabaha na kuishia kulia.

Robins alikuwa na maelezo tayari. Bunduki za askari wa zama hizo zilijazwa kwa mdomoni, na mitutu yake ilikuwa laini ndani, bila michirizi ya kuzungusha risasi. Risasi yenyewe ilikuwa tufe la madini laini, dogo kuliko tundu lililopitia. Ikisukumwa na gesi ya baruti, inajigonga na kujisugua kwenye ukuta wa mtutu, na kule kujisugua kunaizungusha. Mtutu ukipindwa kushoto, risasi italazimika kujiburuta kwenye ukuta wa kulia, na mzunguko unaozaliwa hapo utaivuta kulia ikishatoka. Mtutu ukiwa umenyooka, kisa ni kilekile, ila hakuna ajuaye ukuta upi utaguswa mwisho. Juu, chini, kushoto, kulia: kila mlio unaleta jibu jipya.

Kitabu chake, *New Principles of Gunnery*, kilitoka mwaka 1742. Miaka mitatu baadaye Leonhard Euler, mmoja wa wanahisabati wakubwa kupata kuishi, alikitafsiri kwa Kijerumani na kukiongezea maelezo marefu ya kwake. Kwa hiyo habari hizi hazikuwa siri. Wakuu wa majeshi ya Ulaya walikuwa na kila nafasi ya kuzisoma, na bado kwa miaka mia moja iliyofuata waliendelea kuwapa askari risasi zilizolegea ndani ya mtutu. Walifanya hivyo kwa makusudi.

Chukua bunduki maarufu kuliko zote za aina hiyo, ile ya gumegume, yaani ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, ambayo askari wa Kiingereza waliipa jina la Brown Bess. Ilianza kutengenezwa miaka ya 1720 na ikatumika, kwa matoleo mbalimbali, zaidi ya karne moja. Tundu la mtutu wake lilikuwa na upana wa inchi 0.75, yaani milimita 19 na nukta chache. Risasi ya jeshi ilikuwa na kipenyo cha takriban inchi 0.69, milimita 17.5. Tofauti ni milimita moja na nusu.

Pengo hilo linaonekana dogo mpaka lipigiwe hesabu. Eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo risasi hiyo iliacha wazi karibu asilimia 15 ya tundu lote. Sehemu ya nguvu ya baruti ilipita hapo pembeni bila kusukuma kitu, na risasi ikabaki na uwanja wa kugonga huku na huku hadi mdomoni.

Wahunzi wa mitutu walikuwa na kipimo chao cha kueleza mambo haya, nacho kingali hai kwenye shotigani za leo. Walihesabu ni matufe mangapi yanayojaza tundu sawasawa yatapatikana kutoka ratili moja ya madini ya risasi. Mtutu wa kumi na mbili ni ule ambao matufe yake kumi na mbili yana uzito wa ratili moja, na upana wake ni kama milimita 18.5. Mtutu wa ishirini ni mwembamba zaidi, milimita 15.6. Kwa kipimo hicho Brown Bess ilikuwa na mtutu wa kumi na moja, na ililishwa risasi ya kumi na nne.

Sababu ya kuilegeza risasi namna hiyo ilikuwa uchafu. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10 katika kila mia. Ikiungua, chini ya nusu ya uzito wake inageuka gesi. Kilichobaki ni chembe ngumu: nyingine zinatoka kama lile wingu jeupe la moshi, nyingine zinaganda ndani ya mtutu kama masizi mazito. Baada ya milio kadhaa tundu linakuwa limepungua. Askari wa miguu alitazamiwa kupiga risasi tatu kwa dakika, akiwa amesimama bega kwa bega na wenzake, na adui akija mbele yake. Alirarua kwa meno mfuko wa karatasi wenye baruti na risasi, akatia baruti kidogo kwenye kisahani cha kuwashia, iliyobaki akaimimina mtutuni, kisha akasukumiza risasi pamoja na karatasi yake kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia. Risasi ikikwama kwenye mlio wa ishirini, askari huyo amebaki na mkuki tu. Pengo la milimita moja na nusu lilikuwa bima yake.

Liliwalinda pia na ufundi usiolingana. Mitutu ilitoka kwa mafundi wengi, nyundo na keekee za mkono zikifanya kazi kubwa, na mtutu ulioandikwa 0.75 ungeweza kuwa mpana zaidi ya hapo. Risasi nazo zilisubiwa katika kalibu mbalimbali. Mhunzi wa Birmingham na msubu risasi wa London hawakuhitaji kuonana ili kazi zao zikutane vitani.

Wafaransa walibana kidogo. Bunduki zao za Charleville zilikuwa na tundu la milimita 17.5, na risasi ya takriban milimita 16.5. Hapo palikuwa na jambo lililowafaa: risasi ya Kifaransa ingeweza kutumbukia ndani ya Brown Bess, lakini risasi ya Kiingereza isingeingia kwenye Charleville. Katika vita vya uhuru wa Marekani, ambako aina zote mbili zilitumika, tofauti hiyo imegeuka kuwa ushahidi. Huko Monmouth, jimbo la New Jersey, palipopiganwa tarehe 28 Juni 1778, mwanaakiolojia Daniel Sivilich alibuni njia ya kukadiria kipenyo cha awali cha risasi iliyobondeka kwa kuipima uzito. Risasi iliyobondeka kuwa bapa haipimiki kwa rula, lakini uzito wake haujaenda mbali. Kwa njia hiyo watafiti wanaweza kuonyesha mstari wa upande mmoja ulikuwa wapi shambani, na wa upande wa pili wapi.

Gharama ya bima ilijulikana. Katika jaribio la Kiprusi la mwishoni mwa karne ya 18, kikosi cha askari kilipiga turubai lenye urefu wa futi 100 na kimo cha futi 6, ukubwa wa mstari wa maadui. Kwa yadi 75 asilimia 60 ya risasi zililipata turubai. Kwa yadi 150 zikashuka hadi 40, na kwa yadi 225 zikawa 25 tu. Hapo hakuna aliyekuwa akirudisha risasi. Kanali George Hanger, Mwingereza aliyepigana Marekani, aliandika mwaka 1814 kwamba mtu anayejeruhiwa na bunduki ya kawaida ya askari kwa yadi 150, hali mpigaji amemlenga yeye, ana bahati mbaya kweli kweli.

Maneno kama ya Hanger yamerudiwa mno, na yameiachia bunduki ya mtutu laini jina baya lisilolingana na uwezo wake. Kilichokuwa kibaya ni mshono kati ya risasi na mtutu. Mafundi wa jumba la silaha la Graz, Austria, walipofyatua bunduki halisi za kale mwishoni mwa miaka ya 1980, zikiwa zimefungwa imara kwenye mashine, waliona risasi zikitoka kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Nguvu ipo. Shida ni kuielekeza.

Dawa ilikuwa mikononi mwa wawindaji muda mrefu kabla ya wanahisabati kueleza ugonjwa. Walikata kipande cha kitambaa, wakakipaka mafuta, wakakitandika mdomoni mwa mtutu, wakaweka risasi juu yake na kusukuma vyote viwili hadi kwenye baruti. Kitambaa kinafanya kazi nne kwa mpigo. Kinaziba pengo ili gesi isipite. Kinaishika risasi katikati ya tundu isigonge kuta. Kinaizuia risasi isivingirike na kuiacha baruti mtutu ukiinamishwa. Na kikiwa na unyevu kidogo, kinafuta masizi ya mlio uliopita kila kinaposhuka. Kikitoka mdomoni kinaachana na risasi papo hapo na kuanguka mita chache mbele.

Walengaji wa leo wa Marekani na Ulaya wanaotumia nakala za bunduki hizi hawana adui wa kuwaharakisha, kwa hiyo wanaweza kuchagua upya kile ambacho majeshi yalikichagua kwa hofu. Uchaguzi wao unaanzia kwenye mtutu, na hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji ni ya kundi zima. Mtutu wa Brown Bess uliotengenezwa jana unaweza kupimwa ukakutwa na inchi 0.750, au 0.753, au zaidi, na mingine ya kale imeliwa na kutu na miaka hadi kuvuka 0.77. Kipimo kichukuliwe kwa kalipa, mahali kadhaa kuzunguka mdomo, kwa kuwa mdomo nao huenda umepanuka kutokana na mdeki kusugua upande mmoja. Anayetaka uhakika anasukuma donge la madini laini ya risasi ndani ya mtutu mtupu, uliosafishwa, analitoa na kulipima.

Hesabu inayofuata haina ugumu. Chukua kipenyo cha tundu, toa kipenyo cha risasi, gawa kwa mbili: hiyo ndiyo nafasi ya kitambaa kila upande. Kalibu za risasi kwa bunduki ya inchi 0.75 zinapatikana zaidi katika vipimo vitatu, 0.690, 0.715 na 0.735. Risasi ya 0.735, milimita 18.7, inaacha chini ya milimita 0.2 kila upande. Ya 0.715, milimita 18.2, inaacha karibu milimita 0.45. Ile ya jeshi ya 0.690 inaacha milimita 0.76, na hakuna kitambaa cha kawaida cha unene huo kinachokunjika vizuri kuizunguka risasi. Ndiyo maana wanaoipenda 0.690 huirudisha kwenye mfuko wake wa karatasi, au huikalisha juu ya kizibo cha sufi, na kuukubali ulegevu wake.

Kati ya hizo mbili zilizobaki, ya 0.715 inastahili kujaribiwa kwanza. Sababu ni kitambaa. Nafasi ya milimita 0.45 inajazwa na pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, ya aina ya drili au ya kufunikia magodoro, ambayo ina nyama ya kutosha kubeba mafuta na kustahimili moto. Risasi ya 0.735 inalazimisha kitambaa chembamba cha milimita 0.25, tena kibanwe. Kwenye mtutu msafi inaweza kushinda kwa shabaha, kwa kuwa imekaa katikati kabisa. Lakini mlio wa tatu au wa nne masizi yanaanza kuidai nafasi hiyo ndogo, na mlengaji ambaye hafuti mtutu kila mara anajikuta anapigana na mdeki.

Wenye Charleville wanapitia njia hiyohiyo kwa namba nyingine. Tundu la milimita 17.5 likipewa risasi ya inchi 0.662, sawa na milimita 16.8, linabaki na milimita 0.35 kila upande, na kitambaa cha unene wa 0.38 kinalala hapo vizuri. Bunduki nyepesi za mtutu wa ishirini, zilizouzwa kwa wingi kwa wenyeji wa Amerika Kaskazini katika biashara ya ngozi, zinakwenda na risasi ya 0.600 au 0.595.

Kuna kosa moja linalotoka kwa watu waliojifunza kwenye bunduki za michirizi. Huko kitambaa kinaweza kuwa kinene kuliko nafasi yake, kwa sababu kikibanwa kinapata pa kukimbilia: ndani ya michirizi. Mtutu laini hauna mfereji wa namna hiyo. Unene wote unaozidi unapaswa kumezwa na kitambaa chenyewe au na uso wa risasi. Kwa hiyo kanuni ya bunduki ya michirizi ikihamishwa ilivyo, risasi inakwama. Jeshi la Uingereza lenyewe lilipowapa askari wake bunduki ya Baker ya michirizi mwaka 1800, liliwapa mwanzoni na nyundo ndogo za mbao za kugongea risasi. Mtutu laini hauhitaji nyundo. Risasi na kitambaa chake viingie kwa kusukumwa na kidole gumba au kwa pigo dogo la kiganja, halafu vishuke kwa mdeki kwa nguvu ya mkono mmoja, bila kusita njiani. Vikiteleza vyenyewe, ni vilegevu. Vikidai uzito wa mwili, vimezidi.

Unene wa kitambaa nao una ujanja wake. Kitambaa kilekile kinasoma milimita 0.5 kikiguswa na kalipa kwa upole, na 0.4 kikibanwa kwa nguvu. Kipimo cha kubana ndicho chenye maana, maana ndani ya mtutu kitambaa kimebanwa. Kifuliwe kwanza kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke. Kiwe pamba tupu au kitani, kamwe kisiwe na nailoni wala poliesta, vitu vinavyoyeyuka na kuukandika mtutu. Duara la kama milimita 40 linatosha risasi ya milimita 18. Wengine hawakati duara kabisa: wanatandika kitambaa mdomoni, wanaizamisha risasi kidogo, wanakusanya pindo juu yake na kukata kwa kisu kikali.

Kuhusu mafuta, wazee walitumia walichokuwa nacho na hawakukosea. Mate yanatosha kwa anayefyatua papo hapo. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya zeituni, au shahamu ya kondoo, inakaa siku nzima ndani ya bunduki ya mwindaji. Oili ya injini isikaribie, kwa kuwa ikikutana na moto wa baruti nyeusi inaacha utando wa lami ambao hautoki kwa maji.

Risasi yenyewe iwe laini. Madini safi ya risasi yanayeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, yanajaza kalibu bila mashimo, na yakiwa baridi ukucha unaweza kuyakwaruza. Vyuma vya kusawazishia magurudumu ya magari, ambavyo wengi huviyeyusha kwa sababu ni rahisi kupatikana, vina antimoni na ni vigumu. Tufe lake linatoka kalibuni na kipenyo tofauti kidogo na halikubali alama za kitambaa. Kila tufe lipimwe uzito. Risasi safi ya inchi 0.715 ina uzito wa gramu 35 na nusu hivi, na iliyopungua gramu nzima ina kiputo cha hewa tumboni, nayo itayumba hewani hata ikikaa vizuri mtutuni. Kikovu cha mahali madini yalipomiminwa kielekezwe juu, katikati kabisa. Kazi hii ifanywe nje, penye upepo, mbali na maji na chakula cha watoto: mvuke na vumbi la risasi ni sumu, na tone moja la maji likidumbukia kwenye chungu kinachochemka litarusha madini usoni.

Baada ya hapo ni uwanjani. Mlengaji makini anaanza kwa mita 25, bunduki ikiwa imeegemezwa, na anabadilisha kitu kimoja tu kwa zamu. Akibadilisha risasi, kitambaa kibaki. Akibadilisha kitambaa, baruti ibaki. Kisha anakwenda kuokota vitambaa vyake chini, kwa kuwa vinasema zaidi ya matundu ya shabaha. Kitambaa kizima, chenye duara jeusi katikati na nyuzi zilizochambuka pembeni, kimefanya kazi yake. Kilichotobolewa na moto katikati kilikuwa chembamba au kikavu, gesi imekikata, na tiba ni kitambaa kinene zaidi au kizibo kidogo cha sufi juu ya baruti. Kilichochanika kwa mstari mnyoofu kimekatwa na ukingo mkali wa mdomo wa mtutu wakati wa kushindilia, na ukingo huo unahitaji kulainishwa.

Kuna jambo ambalo kitambaa hakiwezi kuliponya. Brown Bess haina alama ya nyuma ya kulengea. Kuna kijiguu cha kuchomekea singe karibu na mdomo, na hicho ndicho alama pekee. Jicho la mpigaji ndilo alama ya nyuma, na shavu likihama kidogo kwenye kitako risasi imehama nayo. Lakini risasi ikiwa imevikwa vizuri, makosa yanayobaki ni ya mtu, na ya mtu yanarekebishika. Ushahidi upo kila mwaka. Kamati ya kimataifa ya vyama vya bunduki za kujazwa mdomoni, MLAIC, inaendesha shindano liitwalo Miquelet kwa bunduki za kijeshi za gumegume zenye mtutu laini: mita 50, kwa kusimama bila egemeo, risasi 13 ndani ya dakika 30, kumi bora zikihesabiwa. Mashindano kama hayo yasingekuwa na maana kama silaha hizi zingekuwa za kubahatisha tu.

Afrika Mashariki inaijua bunduki hii kwa jina la gobori, na inaijua upande wake mgumu. Mkataba uliotiwa saini Muscat mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said uliyataja mambo haya waziwazi: bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja zingeuzwa kwa serikali peke yake, na katika bandari nyingine za Sultani biashara iwe huru. Kadiri majeshi ya Ulaya yalivyohamia bunduki za kujazwa nyuma, ndivyo makumi ya maelfu ya zile za zamani yalivyopita Unguja kwenda bara. Kisha likaja azimio la Brussels la tarehe 2 Julai 1890. Mataifa yaliyotia saini yalizuia kuingiza silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, na yakaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na michirizi na baruti ya kawaida ya biashara. Mwafrika aliruhusiwa silaha ambayo Ulaya ilikuwa imeitupa.

Iliwafikia watu wengi bila kalibu yake. Mtutu mmoja ulitoka Liège, mwingine Birmingham, na msafara mmoja uliweza kubeba mitutu ya upana wa kila namna. Madini ya risasi nayo hayakupatikana kila mahali. Huko Katanga, katika Kongo ya leo, Wayeke wa mfalme Msiri walisubu risasi za shaba, madini waliyokuwa nayo chini ya miguu yao. Kwa mtu anayeelewa habari ya pengo, hiyo ni kazi ya ustadi yenye masharti yake: tufe la shaba lina uzito wa chini kidogo ya asilimia 80 ya tufe la risasi la ukubwa uleule, kwa hiyo linapoteza mwendo mapema, na ugumu wake haukubali kubanwa, kwa hiyo lazima liachiwe nafasi kubwa zaidi.

Hali ni mbaya zaidi kwa magobori ya kienyeji ya siku hizi, yanayotengenezwa kwa mabomba na kujazwa vipande vya nondo. Kipande cha nondo kina kona, hakizibi pengo, kinakwaruza mtutu na hakiendi kinakoelekezwa. Bomba la maji halikutengenezwa kubeba nguvu ya baruti, na likipasuka linapasukia usoni na mikononi mwa aliyelishika. Hakuna chaguo la risasi wala kitambaa linaloweza kulifanya liwe salama.

Hata kwa bunduki nzuri, liko pengo jingine ambalo halitakiwi kuwepo kabisa: lile kati ya risasi na baruti. Risasi iliyoishia njiani inaacha hewa nyuma yake, na moto ukiwaka, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka pale risasi iliposimama. Kinga yake ni mdeki. Mtutu ukiwa mtupu, mdeki unatumbukizwa hadi mwisho na kutiwa alama mdomoni. Baruti, kitambaa na risasi vikishindiliwa sawasawa, inatiwa alama ya pili. Tangu hapo kila mlio unahakikiwa kwa macho: alama hii ya pili ikiwa juu ya mdomo, risasi haijafika, au kuna nyingine chini yake. Baada ya mapigano ya Gettysburg huko Marekani, Julai 1863, ziliokotwa shambani bunduki zaidi ya 27,000 za kujazwa mdomoni. Takriban 24,000 zilikuwa bado zimejazwa, na karibu nusu ya hizo zilikuwa na risasi mbili, moja juu ya nyingine. Askari wale hawakuwa wajinga. Katika kelele na moshi hawakujua kwamba mlio uliopita haukutoka.

Magobori ya kale yanakutwa mara nyingi katika hali hiyo, yamening'inia ukutani au darini na shehena ya baruti ndani yake, na baruti nyeusi iliyokaa kavu haizeeki upesi. Kwa hiyo msomaji mwenye gobori la babu nyumbani asilielekeze kwa mtu, asivute kifyatulio kwa mchezo, na asilisogeze karibu na moto wala asiache fundi alichomelee. Ashushe mdeki au kijiti polepole ndani ya mtutu, uso na mikono vikiwa mbali na mdomo wake, na alinganishe urefu wa ndani na wa nje. Kama kijiti kinagota kabla ya kufika nyuma, mna kitu humo. Gobori hilo liachwe lilipo na polisi waitwe. Hata likiwa tupu, mbele ya sheria bado ni silaha, na kuliweka nyumbani kunahitaji kibali.